Jibu: Mkimbiaji wa mita 100 kuingia michezo ya barafu

Dada, salaam kutoka Kasese. Umeuliza kama binti yako anayekimbia mita 100 anaweza pia kushindana kwenye michezo ya barafu, au anadanganywa. Hadanganywi hata kidogo.

Mtazame Lauryn Williams wa Marekani: medali ya fedha ya mita 100 kwenye Olimpiki ya Athens 2004, dhahabu ya kupokezana vijiti London 2012, kisha fedha ya bobsledi Sochi 2014. Bobsledi ni kile kigari kinachoteremka kwenye mfereji wa barafu. Alikuwa ameujua mchezo huo kwa miezi michache tu!

Siri iko kwenye mwanzo. Wanakisukuma kwa kasi yote kama mita 50, wamevaa viatu vyenye vijisumari vingi chini, halafu wanarukia ndani. Hapo ndipo mkimbiaji wa mbio fupi anapohitajika. Seun Adigun wa Nigeria, aliyeruka viunzi London 2012, alijitengenezea kigari cha mbao cha kufanyia mazoezi, na mwaka 2018 akaiongoza timu ya bobsledi ya nchi yake kwenye Olimpiki ya PyeongChang, Korea Kusini. Nikimkumbuka huyo napata nguvu, maana sisi huku theluji tunaiona kwa mbali tu, juu Rwenzori, asubuhi mawingu yakifunguka.

Basi binti asiache mita 100 zake. Aongeze kusukuma mkokoteni wenye mchanga, mita 30 kwa 30, apumzike vya kutosha katikati. Ana kilo ngapi? Kule uzito na misuli vinahesabika sana.