Ukitaka Kumsaidia Mraibu, Muulize na la Chumbani

Mdogo wangu alipokuwa anatumia unga, yaani heroini, nilimfanyia kila nililoliona kuwa msaada: nilimlipia nauli ya kwenda hospitali, nikamnunulia nguo alizoziuza siku hiyohiyo, nikamwombea, nikamkemea, nikamwita mbele ya wazee wa ukoo. Alifariki bila mimi kumuuliza hata mara moja anatumia akiwa na nani, wala ni jambo gani analoshindwa kulifanya asipotumia. Leo, baada ya miaka kadhaa ya kujitolea katika kikundi chetu kidogo hapa Kirumba, jijini Mwanza, ninawaomba wote wenye nia ya kuwasaidia waraibu wajifunze kuuliza swali hilo kabla hawajachangisha shilingi ya kwanza.

Aliyenifumbua macho ni mvuvi mmoja wa dagaa. Alikuja jioni tatu, akakaa kwenye benchi la karibu na mlango, ameshika kikombe cha chai kwa mikono yote miwili, vidole vimepasuka kwa kamba na maji, na kila nilipofungua daftari la mahudhurio aliaga akaondoka. Jioni ya nne nililitia daftari mkobani mbele ya macho yake. Alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akasema, “Dada, mimi bila kitu kichwani siwezi kumkaribia mwanamke. Nimeshasahau inakuwaje.” Tulikuwa tumemtajia kliniki na kumweleza madhara yote tunayoyajua, lakini hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amegusa lile lililokuwa likimrudisha kijiweni kila mwezi.

Huko Uingereza jambo la namna hii limeshapewa jina, kemseksi, na anayetajwa kuwa ndiye aliyelianzisha ni marehemu David Stuart, aliyefanya kazi katika kliniki ya 56 Dean Street jijini London. Maana yake ni kutumia dawa fulani, hasa methamfetamini, mefedroni na GHB, kwa ajili ya kujamiiana, na jina hilo lilizaliwa miongoni mwa wanaume wanaojamiiana na wanaume. Huko, mashirika ya hisani kama London Friend yamekuwa yakimpa mtu mshauri mmoja wa kuzungumza naye yote mawili, dawa na tendo, badala ya kumgawa nusu kwa nusu. Kwetu Mwanza ninaowaona zaidi ni watu wa unga, bangi, mirungi na pombe kali, na ni watu wa kila aina. Hata hivyo, asijidanganye mtu kwamba methamfetamini ni ya Ulaya tu, kwani Desemba 2023 Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ilikamata kilo 3,182 za heroini na methamfetamini katika Dar es Salaam na Iringa.

Anayetaka kusaidia aelewe kwanza mwili unavyofanya kazi. Heroini hupunguza ashiki na kumchelewesha mwanaume kufika kileleni. Anapoiacha, mambo hugeuka ghafla: wakati wa arosto, yaani mateso ya mwili kukosa dawa uliyoizoea, na pengine kwa wiki kadhaa baadaye, mwanaume huweza kumaliza haraka mno, hata kabla hajaguswa, na kwa mwenye mke au mchumba anayemsubiri, aibu hiyo huuma kuliko maumivu ya viungo. Kete moja ya unga huiondoa aibu, na uraibu unaanza upya. Methadoni nayo, dawa ya hospitali anayopewa mraibu badala ya heroini, ikitumika kwa muda mrefu, huweza kupunguza hamu, na mtu asiyeelezwa mapema hudhani amerogwa, akaacha dozi pasipo kumwambia daktari ambaye angeweza kumsaidia. Methamfetamini ina njia yake: humwondolea mtu uchovu na kumpunguzia hisia za maumivu, tendo likachukua saa nyingi, kondomu ikapasuka, na ARV zikasahaulika. Huyo methadoni haitamfaa, kwa kuwa ni tiba ya uraibu wa heroini na jamii yake. Anachohitaji zaidi ni ushauri nasaha wa muda mrefu.

Swali lenyewe huulizwa kwa utaratibu. Mimi husema, “Wengi wamenieleza kwamba hutumia kitu kabla ya kuwa na mwenzi. Kwako ikoje?” Kisha nanyamaza. Simuulizi mwenzi huyo ni nani, ni mke, ni hawara, ni mwanamke au mwanaume, isipokuwa mwenyewe ataje, na akitaja siandiki. Mjitoleaji asiyeweza kuifunga siri hiyo hata kwa mume wake au mchungaji wake, afadhali apewe kazi ya kupika chai, ambayo nayo ni muhimu.

Wapo wanaosema maswali haya yanafundisha uchafu. Nimewasikiliza, na nimezika. Sikubaliani nao.

Jambo la chumbani likishazungumzwa, hatua zinazofuata huwa nyepesi kuzitaja. Ikiwa alikutana na mtu bila kinga ndani ya saa 72 zilizopita, tunaondoka naye wakati huohuo kwenda kituo cha afya, kwa sababu dawa za kuzuia maambukizi ya VVU baada ya tukio hutakiwa kuanza mapema ndani ya muda huo na humezwa kwa siku 28. Akiwa ni wa heroini tunamsindikiza hospitali ya Sekou Toure hapa Mwanza, kwenye kliniki ya methadoni, na hapo ndipo fedha ya msaada inapotakiwa kwenda: nauli ya daladala ya kila siku, maana kwa kawaida dozi hunywewa kila siku mbele ya mhudumu. Aliyeanza dawa za kifua kikuu zenye rifampisini lazima amwambie mhudumu huyo, kwa kuwa hupunguza nguvu ya methadoni na arosto humrudia. Anayetaka kuacha pombe baada ya kunywa kila siku kwa miaka asiachishwe nyumbani kwa ghafla, kwani anaweza kupata degedege na kufa. Na aliyekaa miezi bila unga aambiwe waziwazi kwamba kiasi chake cha zamani sasa kinaweza kumuua.

Tumejifunza pia kufuata kalenda ya ziwa. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwa kubwa makambi hupumzika, wavuvi hurudi mwaloni, pale mitumbwi inapotia nanga, na fedha mfukoni, na siku hizo chache ndizo za pombe, kete na vyumba vya kulala wageni. Zamani tulikutana kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi na kujiuliza kwa nini benchi ni tupu. Sasa tunafungua mlango kila jioni katika juma la mwezi mpevu.

Mvuvi yule alipoanza methadoni hakuweza tena kwenda visiwani, kwa kuwa kambini hakuna dozi. Kikundi kilimnunulia nyuzi na sindano, na hivi sasa anashona nyavu za wenzake pale mwaloni, kwa kipato kidogo kuliko cha zamani. Mwezi uliopita alikuja na mkewe. Shemeji alikaa kwenye benchi lilelile, akaomba kuzungumza nami peke yake, na jambo la kwanza aliloniuliza ni iwapo hali ya mumewe chumbani itatengemaa, au na yeye ajilaumu. Tulizungumza mpaka chai ikapoa.