Kioo kikibanwa: neno kwa wanaoanza maabara ya shinikizo kubwa

Ninyi mnaoanza, tenganisheni mapema mambo mawili: kinachotokea kioo kikiwa bado kimebanwa, na kinachobaki kikishaachiwa. Karibu kila mgeni huyachanganya.

Chukua kioo cha silika. Kila atomi ya silikoni imezungukwa na oksijeni 4, na vikundi hivyo vimeshikana konani vikafanya pete kubwa na ndogo. Ndani mna nafasi tupu nyingi, ndiyo maana msongamano wake ni gramu 2.20 kwa sentimita moja ya ujazo, ilhali kwatzi, yaani fuwele ya silika hiyohiyo, ina 2.65. Ukikibana, urefu wa bondi mwanzoni haubadiliki sana. Zinazokubali ni pembe kati ya kikundi na kikundi. Zinajikunja, nafasi zinapungua. Hadi gigapaskali 8 au 9 hivi (gigapaskali moja ni kama mara elfu kumi ya shinikizo la hewa), ukikiachia kinarudi kama kilivyokuwa. Ukivuka hapo kwenye joto la kawaida, bondi zinakatika na kuungana upya, pete ndogo zinaongezeka, na sehemu ya mbano inabaki moja kwa moja. Ukifika zaidi ya gigapaskali 20 kisha ukaachia, unatoka na kioo kizito zaidi kwa karibu asilimia 20.

Hapa ndipo watu hukosea. Wamesoma kwamba kwenye shinikizo hilo silikoni huanza kupata oksijeni ya tano na ya sita, basi wanaandika kuwa kioo walichokitoa kina silikoni za oksijeni 6. Sivyo. Shinikizo likiondoka, silikoni hurudi kwenye oksijeni 4. Kilichobaki ni mpangilio mpya wa pete. Ukitaka kuziona hizo oksijeni za ziada, pima kwa eksirei sampuli ikiwa bado imebanwa katikati ya almasi mbili za kifaa cha shinikizo. Kwa sampuli iliyotoka, tazama spektra ya Raman, yaani mwanga wa leza unaotawanywa na mitikisiko ya atomi: mstari wa karibu na 606 kwa sentimita (cm⁻¹), ule wa pete za silikoni 3, huwa umeongezeka nguvu.

Jingine ninalouliza kabla ya kuamini grafu yoyote: sampuli ilizungukwa na nini ndani ya kifaa ilipobanwa? Heliamu hupenya ndani ya silika na kujaza zile nafasi, kioo kikaonekana kigumu kubanwa kuliko kilivyo.

Na joto liandikeni daima. Kioo kilichobanwa kikiwa moto huongezeka msongamano kwa shinikizo dogo zaidi, hivyo sampuli mbili zenye msongamano uleule zaweza kuwa na pete tofauti kabisa.