Kamera Itulie, Mfuko Usitoboke

Swali: Salaam aleikum wahariri. Jioni nikiwa Mama Ngina napiga picha za meli zinazoingia Kilindini, zote zinatoka zimetikisika. Stendi ya miguu mitatu siimudu kwa sasa. Nifanyeje? – Msomaji, Likoni

Jibu: Waaleikum salaam. Tafuta bolti ya robo inchi, urefu inchi moja, meno 20 kwa inchi, iliyochongwa meno mwili mzima. Hicho ndicho kipimo cha tundu lililo chini ya karibu kila kamera. Muuza duka akikupa ya milimita 6 akisema ni zile zile, mrudishie: itaingia mizunguko michache kisha ikwame, na ukiilazimisha itakula meno ya kamera. Chukua na washa mbili pana, nati moja ya kipimo hicho hicho, na mita 4 na nusu za kamba isiyovutika. Nailoni nyembamba iache, huvutika kama mpira.

Funga ncha za kamba upate kitanzi. Kibane baina ya washa mbili kwenye bolti, ukaze nati hadi zibaki milimita 5 tu za kuingia kwenye kamera; zikizidi, bolti hugonga mwisho wa tundu na kulivunja. Kanyaga kamba kwa miguu yote miwili, iachane kama sentimita 60, kisha inua kamera hadi jichoni kamba ikaze pande zote. Ikipwaya, sogeza fundo. Wengi hutumia kamba moja iliyonyooka, lakini hiyo huzuia kupanda na kushuka tu. Pembetatu huzuia na kuyumba kushoto kulia.

Usingoje miujiza. Kama mkono mtupu unataka 1/60 ya sekunde (muda kamera inaoachia mwanga uingie), kwa kamba utashuka hadi 1/15 hivi. Giza likiingia, kamera ikadai sekunde nzima, kamba haina kazi tena: ilaze kamera ukutani juu ya mfuko wa jinzi wenye kilo moja ya mchele. Jaza theluthi mbili tu ili uikumbatie. Ukijaa pomoni unakuwa jiwe. Washa taima ya sekunde 2 kidole kisiitikise, na uvue mkanda wa shingoni, maana kusi likivuma pale unapepea kama tanga. Ila kamera ikitulia, meli haitulii. Picha ya sekunde nzima ni ya meli iliyotia nanga. Inayopita itaacha ukungu tu.

Swali: Stendi ninayo, lakini ufuoni Nyali inazama mchangani picha ikiwa katikati. – Msomaji, Kisauni

Jibu: Kwenye mchanga mkavu, zika vifuu vitatu vya nazi, midomo juu, kila mguu uingie katika chake. Uzito hutawanyika, mguu hauzami. Penye mawimbi kifuu hakisaidii kwa sababu maji yakirudi huchimba mchanga chini yake. Hapo kandamiza miguu yenyewe sentimita 10 hivi kabla ya kufunga kamera, au bora usogee juu. Anza kuvuta kipande chembamba cha chini kabisa, ili viungio vibaki juu ya mchanga. Nguzo ya katikati usiipandishe. Upepo ukizidi, ning'iniza chini yake dumu la maji la lita 5, liguse mchanga kidogo. Likielea hewani linabembea na kuitikisa stendi yenyewe. Suuza kwa maji baridi yasiyo chumvi siku hiyo hiyo, miguu ikiwa imevutwa yote.

Swali: Mfuko wangu wa mchele umeingia fukusi! – Msomaji, Changamwe

Jibu: Joto na unyevu wa pwani. Mwaga, weka mchele mpya kwenye friza siku 4, ndipo ujaze. Mdomo utie zipu badala ya kushona, uweze kuubadilisha. Mchanga usiutie kamwe: hupenya kwenye mshono na kukwaruza lenzi.