Mama, kumeiva nini? Kula njiani kutoka Dar hadi Kyela

Kila Desemba tunapanda Kyela, ukweni kwangu. Kutoka Dar es Salaam ni kilomita 900 na ushee. Tuko watu watano kwenye gari moja, na kwa kuwa mke wangu hataki kabisa habari ya kuendesha usiku, tunalala Iringa au Makambako. Ukipiga hesabu, ni milo mitano au sita barabarani kwenda na mingine kama hiyo kurudi. Kwa miaka yote hiyo nimekula vyakula ambavyo hadi leo nikivikumbuka mate yananitoka, na nimekula vingine vilivyonilaza sakafuni kwenye choo cha gesti. Nayaandika haya kwa anayejiandaa kupita njia hiyo na hataki kubeba makontena ya wali kutoka nyumbani.

Nilianza safari hizi kwa basi, na basi halikuulizi unataka kula wapi. Linaingia kwenye hoteli moja kubwa ya barabarani, konda anatangaza dakika kumi na tano za kula na kuchimba dawa, watu sitini wanakimbilia kaunta moja. Unapewa chipsi zilizokaangwa tangu alfajiri na paja la kuku kavu kama gome, bei karibu mara mbili ya mjini. Siku moja nilipokuwa natafuta choo nikapitia mlango wa nyuma, nikamkuta dereva wetu na konda wake wamekaa kwenye meza yao: wali unatoa moshi, kuku wa mchuzi, bamia, bakuli la ndizi mbivu. Chakula kizuri kilikuwepo hapo hapo, ila hakikuwa cha abiria. Tangu siku hiyo, nikipanda basi nabeba mayai ya kuchemsha na karanga, njaa yangu naituliza hadi nifike. Ushauri wote unaofuata ni wa mwenye usafiri wake, au anayeshuka na kulala njiani.

Cha kwanza, toka kwenye lami. Sheli na hoteli zenye maegesho makubwa ni za watu wasiorudi. Ingia mjini mita mia mbili tatu, elekea sokoni au stendi ya daladala, ndipo wanapokula wauza nguo, bodaboda na makarani wa halmashauri. Hao wanakula pale kila siku, kwa hiyo mama akiharibu maharage Jumatatu, Jumanne anawasikia. Watu husema fuata malori, na kwa kiasi ni kweli, maana madereva wanaokwenda Tunduma kuvuka Zambia na Kongo wanaipita njia hii mara kwa mara na wanajua nani anapika. Ila kabla ya kufurahia msururu wa malori, angalia kama hakuna mizani hapo. Mimi niliwahi kusimama nikidhani nimegundua jiko la maajabu, kumbe jamaa walikuwa kwenye foleni ya kupima uzito.

Cha pili ndicho hasa kilichonifanya niandike. Usiulize "mna nini?" Uliza "kumeiva nini?"

Ukiuliza mna nini, utajibiwa kila kitu kipo. Si uongo, ni adabu ya biashara. Mama hataki mgeni aondoke. Ukutani kumeandikwa kwa rangi ya mafuta wali kuku, wali samaki, ugali nyama, pilau, ndizi, makange, lakini ubao ule aliuandika siku anafungua, akiwa na mtaji na ndoto. Unaagiza makange, unakaa saa nzima, kijana anatumwa sokoni kununua nyama huku wewe ukimwangalia akipita mlangoni, unajua kabisa anakwenda wapi. Watoto wanaanza kugombana. Kosa ni lako.

Pale Ilula, baada tu ya kumaliza kupanda Kitonga, kuna mama tunayemwendea. Mara ya kwanza nilimkuta amepiga magoti anapuliza mkaa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, karibuni. Kila kitu kipo."

"Asante. Na kilichoiva sasa hivi?"

Akacheka, akasimama, akajifuta mikono kwenye kanga. "Ahaa, wewe unataka cha sasa hivi. Njoo uone mwenyewe." Akafunua sufuria moja baada ya nyingine. Ya kwanza maharage mazito, yameungwa kwa nyanya na kitunguu, juu mafuta yamejitenga. Ya pili mchicha, bado kijani. Ya tatu kuku wa kienyeji, ndio kwanza anachemka. "Huyu bado," akasema, akarudisha kifuniko. Tukala wali maharage na mchicha, sahani tano, na soda za watoto, tukalipa chini ya elfu ishirini. Yale maharage mke wangu ameshajaribu kuyapika Dar mara nyingi, na kila mara anamaliza kwa kulaumu nyanya.

Naye ana haki ya kulaumu nyanya. Ilula ni nchi ya nyanya na vitunguu, na kabla ya hapo Ruaha Mbuyuni vitunguu vinapangwa barabarani kwa magunia. Mchuzi wa huko unapikwa kwa kilichochumwa jana. Ndiyo maana nasema agiza kwa kuangalia dirishani: kinachouzwa kando ya barabara ndicho kilicho bora kwenye sufuria. Makambako, viazi vinashuka kutoka Njombe, na chipsi mayai za pale, usiku, kwenye upepo ule wenye baridi, sijapata za kulinganisha nazo Dar. Tukuyu ni ndizi za kupika, parachichi kubwa kama kichwa cha mtoto, na chai ya Rungwe. Ukishuka Kyela joto linarudi na mpunga unaanza. Hapo kula wali, wali wenyewe, hata kwa mchuzi mtupu, kwa sababu harufu yake inajitosheleza. Ukibahatika kupata mbasa kutoka Ziwa Nyasa, achana na kila kitu kingine.

Kanuni hiyo ilinidanganya mara moja tu. Kwa miaka nilikataa samaki Iringa, nikisema huku ni milimani, samaki watoke wapi. Mzee mmoja tuliyekaa naye meza moja akaniuliza, "Wewe Mtera huijui?" Bwawa la Mtera liko upande wa kaskazini wa mji, njia ya kwenda Dodoma, na perege wake wanafika sokoni Iringa wakiwa wabichi. Nilikula perege wa kukaanga siku hiyo hiyo, kwa aibu kidogo.

Sasa saa. Mgahawa mdogo hauna friji ya maana, una saa. Asubuhi, saa moja hadi saa tatu, ni supu na chapati. Ukichelewa unabakiwa na mifupa. Mchana, kuanzia saa sita na nusu hadi saa nane, ndipo wali na ugali vinatoka jikoni. Baada ya saa tisa uwe mwangalifu. Kuna mji mmoja, sitautaja, tulifika saa moja jioni tukiwa tumechoka. Nikaona pilau kwenye hotpoti, nikauliza ni ya leo, nikaambiwa ya leo. Ilikuwa ya leo kweli, ya saa tano asubuhi. Ilikuwa vuguvugu, nikala sahani mbili. Kufikia saa saba usiku nilikuwa naongea na Mungu. Nesi wa zahanati aliponipa maji ya chumvichumvi ya ORS alinieleza jambo ambalo sikulijua: wali ukikaa vuguvugu saa nyingi, kuna bakteria wanaobaki hai hata baada ya kupikwa, wanaamka, na sumu wanayoiacha haiondoki hata wali ukipashwa moto. Kwa hiyo jioni naagiza kitu kinachopita motoni mbele ya macho yangu, kama chipsi mayai, mishikaki au ndizi za kuchoma, au ugali unaosongwa hapo hapo. Na mafuta ya chipsi nayachungulia. Yakiwa meusi kama oili ya injini, nakula mahindi ya kuchoma nalala.

Kachumbari naila mchana na siiagizi usiku. Sina sababu ya kitaalamu.

Tukiwa na shemeji yangu, mume wa dada, safari inabadilika kidogo kwa sababu yeye ni Mwislamu na nyanda za juu kusini watu wanapenda kitimoto kwelikweli. Tatizo haliko kwenye sahani ya nguruwe, hiyo anaiona. Tatizo ni mafuta, maana chipsi zake zinaweza kuwa zimeogelea kwenye karai moja na nyama ile. Yeye amejifunza kuuliza waziwazi, "Hapa mnakaanga kitimoto?" na hakuna mama aliyewahi kuchukia. Akiona jibu linasitasita, anauliza msikiti uko wapi. Jirani ya msikiti, mji wowote kuanzia Morogoro hadi Mbeya, hakukosekani hoteli ya Kiislamu yenye biriani ya Ijumaa na chai ya maziwa yenye tangawizi. Mimi ninayekula kila kitu namfuata huko mara nyingi kuliko ninavyokiri nyumbani.

Iringa mjini nina neno la ziada. Kuna mgahawa wa Neema Crafts, mradi ulioanza mwaka 2003 chini ya Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana, ambao wahudumu wake ni viziwi. Unaandika unachotaka kwenye karatasi, au unajaribu ishara. Binti yetu wa miaka tisa aliiga ishara ya "asante" akiwa hapo, na hadi leo anaitumia mezani akiwa amenuna, hataki kufungua mdomo. Bei ni ya juu ukilinganisha na ya mama ntilie, keki na kahawa ni nzuri, na watoto wanapumzika mgongo. Baada ya siku nzima garini, nalipa bila kunung'unika.

Mambo madogo ya pesa. Lipa namba zimeenea hata kwenye vibanda vya mbao, lakini mtandao hukatika pale pale unapotaka kuondoka, kwa hiyo beba noti ndogo. Ukimpa mama noti ya elfu kumi saa mbili asubuhi kwa supu moja, umemtuma kuzunguka soko zima akitafuta chenji. Nyama choma uliza bei ya kilo, kisha chagua kipande na uone kinapimwa kikiwa kibichi. Kikija kimepungua usigombane, nyama hupungua motoni; kikija kimekuwa kipande kingine, hapo gombana. Na ukipita hifadhi ya Mikumi usifungue kontena la chakula na dirisha likiwa wazi. Nyani wa pale si wa kutania, na kuwatupia ndizi ni kuwafundisha kusubiri magari.

Kuku wa kienyeji ndiye ameniletea faida kubwa kuliko yote, kwa sababu huwezi kumpata kwa kushtukiza. Anataka kuchemshwa zaidi ya saa nzima ndipo aungwe, na hakuna mama anayechinja kuku wa elfu ishirini na kitu akitumaini Mungu ataleta mteja. Kwa hiyo niliomba namba. Ile siku ya maharage, wakati tunanawa (Desemba ile ilikuwa na mvua na baridi, mama alitumiminia maji ya moto kutoka kwenye jagi, sabuni ikiwa kwenye kisosi), nikamwambia tutarudi baada ya wiki mbili, je, naweza kupiga? Akanipa namba ya binti yake, maana simu yake mwenyewe ilikuwa imeharibika kioo. Tangu hapo tunapiga tukiwa Mikumi. "Mama, tuko watano, tunakuja." Tukifika kuku ameiva, meza ya ndani imefutwa, na mara nyingine amewafungia watoto maandazi ya njiani bila kuambiwa.

Sasa nina namba tatu za namna hiyo: ya Ilula, moja Makambako, moja Tukuyu karibu na soko. Zote nimezihifadhi kwa jina la mji na la chakula, "Makambako Chipsi", "Tukuyu Ndizi", na mke wangu alipoziona mara ya kwanza kwenye simu yangu tulikuwa na mazungumzo marefu kidogo.

Mwaka huu tunaondoka tarehe 20. Juzi nilipiga Ilula kuulizia hali ya barabara ya Kitonga, simu akaipokea mama mwenyewe. Barabara nzuri, mvua bado. Kisha akauliza kama yule mdogo wetu ameshaanza kula mchicha, au amwekee maharage matupu kama mwaka jana.