Kabla hujaambiwa bodi ya kinanda imekufa

Ndugu yangu wa Likoni, nimekuelewa: kinanda cha kwaya, Yamaha ya vibonye 61. Vinne vimenyamaza, cha tano kinapiga kwa kishindo hata ukikigusa taratibu, na mara nyingine mashine inazima yenyewe katikati ya ibada. Fundi kasema bodi imekufa, mchangishane mnunue kingine. Mimi napiga kinanda kwenye harusi hapa Mombasa na vinanda nimefungua vingi, vyangu na vya watu. Bodi iliyokufa haifanyi hivyo. Kinanda kinachopiga vibonye 56 sawasawa bodi yake haijafa. Shida yako huenda iko kwenye mpira ulio chini ya vibonye, na pengine kwenye adapta.

Tuanze na huko kuzima, maana huenda hakuna kilichoharibika. Modeli nyingi za Yamaha za jamii ya PSR-E za miaka ya karibuni hujizima zikikaa nusu saa bila kuguswa, ili zisimalize betri. Sasa hesabu mahubiri ya Jumapili ni ya muda gani. Kama kinanda chenu kinazima wakati wa mahubiri na si wakati wa kuimba, umeshapata jibu. Kizime, shikilia kibonye cha mwisho kabisa upande wa kushoto, kisha kiwashe hali umekishikilia. Kwenye modeli hizo mpango wa kujizima unaondoka.

Kama kinazima huku unapiga, hapo tazama adapta. Tia betri sita kubwa za redio, zile za volti 1.5, zitakupa volti 9, au zile ndogo kama modeli yenu inatumia ndogo. Kikipiga na betri bila kuzima, basi mgonjwa ni adapta au tundu lake. Chomeka adapta tena na uutikise waya taratibu pale unapoingia: kikizima na kuwaka, lehemu ya tundu imepasuka kwa ndani. Tundu hilo huvutwa kila Jumapili na mtu anayekunja waya kwa haraka, na kwa fundi mwenye mkono mtulivu kuligusa lehemu upya ni kazi ndogo tu.

Usikubali adapta ya kuokota. Ya Yamaha za namna hiyo ni volti 12, chanya ndani ya pini na hasi nje. Casio za zamani nyingi ni volti 9, na hasi ndiyo iko ndani, kinyume kabisa. Pini zinaingiliana vizuri, lakini stima inapita kinyumenyume. Mchoro wa kiduara chenye nukta katikati, na alama za kujumlisha na kutoa ubavuni, uko nyuma ya kinanda na uko kwenye adapta. Lazima ifanane. Zile adapta za swichi, za volti 3 mpaka 12, nazikataa: nyingi hazitoi stima safi, na ule mvumo unaosikia kwenye spika za kanisa mara nyingi unatoka humo. Na kama kinanda kilikuja cha mitumba kutoka Japani au Marekani na adapta yake, soma maandishi kabla ya kuchomeka. Huko stima ni volti 100 au 120, hapa kwetu ni 240. Adapta ya volti hizo peke yake itaungua palepale. Ukiwa na bahati kinanda kitapona na utanunua adapta tu.

Sasa vibonye. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ukielewa kilichomo ndani hutadanganywa tena.

Chini ya kila kibonye kuna kikombe cha mpira chenye madoa mawili meusi ya kaboni. Ukibonyeza, doa la kwanza linagusa bodi, halafu la pili. Kinanda kinapima muda uliopita kati ya miguso hiyo miwili: ukiwa mfupi kinajua umepiga kwa nguvu, ukiwa mrefu umepiga pole. Doa la kwanza likishika uchafu, linachelewa mpaka karibu na la pili, na kinanda kinadhani umekipiga ngumi. Ndicho hicho kibonye chako cha kishindo. Likishindwa kabisa kugusa, kwenye vinanda vingi hupati sauti. Kwa hiyo kile kinachopiga kelele na vile vinne vilivyo kimya vina ugonjwa mmoja, ila hatua zimetofautiana.

Mbona ugonjwa huu unaingia zaidi huku pwani kuliko bara? Hewa yetu ina chumvi na unyevu, na nyumba karibu na bahari madirisha hayafungwi. Vumbi likichanganyika na unyevu huo linashika kama gundi. Ongeza juisi ya ukwaju iliyomwagika harusini, na sisimizi wakaifuata. Mjusi wa ukutani nimemkuta ndani zaidi ya mara moja, amekaukia kwenye bodi.

Kabla ya kushika bisibisi, andika ni vibonye vipi vibovu. Vikiwa vimekaa pamoja, au hapa kimoja pale kimoja bila mpango, ni uchafu. Vikiachana kwa hatua sawa, kila baada ya sita au nane, jua kuna laini moja ya bodi imekatika, au waya bapa umelegea kwenye soketi yake. Vinanda vingi havina waya wa kila kibonye peke yake, vimepangwa kwa safu na nguzo, ndiyo maana laini moja ikifa vinakufa vingi kwa mpangilio. Kazi hii ni ya mtu mwenye multimita, kile kipima umeme, lakini usimwache akuuzie bodi nzima.

Ukifungua, toa adapta na betri kwanza. Skrubu zitakuwa nyingi na si sawa kwa urefu. Chora umbo la kinanda kwenye karatasi, kila skrubu uichomeke mahali pake. Ndefu ikiingia pa fupi inatoboa plastiki mpaka juu. Waya bapa usizivute kwa pupa, soketi nyingine zina kifungo cha kuinua kwanza. Mafuta mazito utakayoyaona kwenye njia za vibonye yaache hapohapo, yamewekwa kiwandani ili vibonye viteleze bila kelele.

Mpira uko kwa vipande, kila kimoja kama oktavu moja, yaani vibonye kumi na viwili, vyeupe na vyeusi. Viweke alama kabla ya kutoa. Vioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo ya vyombo, bila kusugua madoa meusi. Kusuuza usitumie maji ya kisima. Visima vingi vya mjini vina chumvi, utakuwa umerudisha kile ulichokiondoa. Chukua maji ya betri ya gari, yale yasiyo na asidi, au maji ya kunywa ya chupa, kisha anika kivulini mpaka yakauke kabisa.

Bodi yenyewe ifute kwa pamba ya masikio iliyoloa isopropili kidogo, ile alkoholi ya kusafishia vifaa vya umeme. Spiriti ya kidonda usiitumie, mara nyingi ina mafuta ya mbarika ya kulainisha ngozi, na mafuta hayo yanabaki kwenye miguso. Msasa marufuku, na wembe marufuku: ule weusi wa bodi ni kaboni iliyochapwa, nyembamba mno. Kuna wanaopaka penseli laini kwenye doa lililochakaa. Inasaidia kwa muda, uende nayo harusi ya Jumamosi, lakini dawa ya kudumu ni kuagiza mpira mpya kwa namba ya modeli iliyoandikwa chini ya kinanda.

Kurudisha mpira ndiko wengi wanakoshindwa. Vile vichuchu vya chini lazima viingie kwenye matundu yote mpaka mwisho. Visukume kwa kitu butu, kama ncha ya kalamu iliyokwisha wino. Kimoja kikibaki juu, mpira unakaa upande na kibonye kinakuwa kigumu au kinapiga chenyewe. Jaribu kila kibonye kabla ya kufunga skrubu zote.

Mengine nayataja haraka. Kitufe cha sauti kikikwaruza kikizungushwa, dawa ya kusafishia miguso ya umeme, kisha kizungushe huku na huku; mafuta ya cherehani hapana. Spika zikinyamaza ilhali hedifoni zinasikika, swichi iliyo ndani ya tundu la hedifoni imeganda: ingiza na utoe pini mara kadhaa. Vibonye vyote vikitoa noti zisizo zao, huenda mtu amegusa transpozi, mpango wa kupandisha au kushusha sauti ya kinanda kizima. Mipangilio ikichanganyika kabisa, shikilia kibonye cheupe cha mwisho kulia na uwashe, modeli nyingi za PSR-E hurudi zilivyotoka kiwandani, ila nyimbo ulizohifadhi humo zinaweza kufutika. Mvumo ukisikika pale tu kinanda kinapoungwa na miksa, chomeka vyote kwenye ekstensheni moja, na ujaribu kwa betri. Ukiondoka, ni adapta au athi, ule waya wa ardhini.

Stima ikipotea, chomoa. Usingoje irudi. Ile ya kurudi ndiyo huja na kishindo.

Kufunika, tumia kitambaa cha pamba. Nailoni inazuia vumbi lakini inafungia unyevu ndani, na kipindi cha kusi utaona miguso imeota kutu. Vile vipakiti vya punje vinavyokuja na viatu vipya, vitupie viwili vitatu ndani ya begi la kinanda.

Safisha mpira kwanza. Kama vile vinne bado viko kimya baadaye, niandikie ni vipi hasa, ukihesabu kuanzia kushoto na vyeusi vikiwemo, na tutajua kama ni waya bapa au laini iliyokatika.