Muulize Fundi wa Bahari: Trola ya mwaka 1984, injini moja, safari ndefu

SWALI: Shikamoo Mzee. Mimi ni mzaliwa wa Chumbageni, Tanga, na sasa naishi Norfolk, Virginia. Mimi na mke wangu tunastaafu mwakani na tunataka boti ya kuishi na kusafiria: tuteremke Florida, tuvuke Bahama, kisha twende mbele zaidi. Tumeona Krogen 42, boti ya aina ya trola, ya mwaka 1984 hapo Deltaville, dola 115,000, injini moja ya Ford Lehman, sitaha imetandikwa mbao za mtiki. Dalali anasema haina tatizo. Rafiki zangu wanasema nitafute yenye injini mbili na inayokimbia. Mke wangu huchafukwa moyo bahari ikichacha kidogo tu. Tununue? Na je, siku moja yaweza kunifikisha Tanga?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nimefurahi kuona umetaja chombo cha aina hii, maana wengi wanaoniandikia kutoka huko huulizia boti za kukimbia, na boti ya kukimbia haifiki mbali.

Trola yako inaitwa trola kwa umbo tu, haina wavu wala samaki. Ina tumbo la mviringo linalosukuma maji pembeni badala ya kupanda juu yake, kwa hiyo mwendo wake umefungwa na urefu wake. Mabaharia wana hesabu ya zamani: chukua urefu wa chombo pale maji yanapogusa, kwa futi, utafute kipeuo chake cha pili, kisha zidisha kwa 1.34. Krogen 42 ina futi 39 na kitu majini, kwa hiyo kikomo chake ni kama noti 8.4, yaani maili 8.4 za baharini kwa saa. Ukiilazimisha ikaribie hapo, inachimba shimo nyuma na kunywa dizeli bure. Ukiipeleka noti 7 itakula kama lita 8 kwa saa; ukitaka 8, ulaji unakaribia kuwa mara mbili. Matangi yake huchukua kiasi cha lita 2,650. Weka akiba ya moja ya tano usiyoigusa, utabaki na maili za baharini zaidi ya 1,800 bila kutia mafuta, na usiku na mchana mmoja utakuwa umekata maili 168. Wanaokushauri ununue inayokimbia waulize wao watafika wapi kwa tangi moja.

Safari hizi si ndoto. Mwaka 1963 Robert Beebe, aliyekuwa ofisa wa jeshi la majini la Marekani, alitoka Singapore na chombo chake Passagemaker, akavuka Bahari ya Hindi na Bahari ya Shamu kwa injini hadi Ugiriki. Na injini yake ilikuwa moja.

Nikae kidogo kwenye injini, maana hapo watu hutishana. Injini ya dizeli iliyotunzwa haifi ghafla. Inayokufa ghafla imenyimwa mafuta safi, au hewa, au maji ya kupoza. Nilipokuwa fundi kwenye chombo cha abiria cha kwenda Pemba, injini zetu zote mbili zilizima pamoja katikati ya mkondo wa Pemba, kwa kuwa zote zilinyonya tangi moja lenye maji na tope chini. Injini ya pili haikutusaidia kitu. Injini moja katikati ina faida yake: mkuku unashuka mbele ya rafadha na kuikinga na magogo na fungu. Hela ya injini ya pili itie kwenye machujio mawili ya dizeli yanayobadilishana bila kuzima injini, na kwenye vipuri.

Ford Lehman ni mashine ya Ford iliyotengenezwa Dagenham, Uingereza, kisha kampuni ya Lehman kule Marekani ikaigeuza iweze kazi ya baharini. Ni nzito, haina haraka, na vipuri bado vinauzwa. Soma kibao chake. Kama ni ile ya nguvu farasi 120, pampu yake ya nozeli ina oili yake yenyewe, mbali na ya injini, na hubadilishwa kila saa 50. Muulize muuzaji amebadilisha lini. Akikuuliza "oili gani?", umeshajua injini imeishi vipi. Siku ya kuiona fika mapema, uweke kiganja juu ya mashine kabla haijawashwa. Ukiikuta ya moto, mtu ameshaipasha ili iwake vizuri mbele yako. Ondoka, urudi siku nyingine. Moshi mweupe kidogo asubuhi ya baridi si neno, lakini ukiendelea hata injini ikishapata moto, au ukiwa wa buluu, taka maelezo. Chukua oili ukaipeleke maabara.

Sasa nakuja kwenye jambo linalonitia wasiwasi zaidi ya injini, nalo ni ile sitaha ya mtiki. Najua inapendeza. Lakini kwenye boti zilizoundwa Taiwan miaka ile, Krogen ikiwemo, mbao zilikazwa kwa skrubu mamia kwa mamia juu ya faiba, na kila skrubu ni tundu. Gundi ikichoka, maji hupenya kwenye kiini kilicho katikati ya faiba, kikaoza taratibu huku juu panang'aa. Maji hayo hayo hufuata mipira ya kujazia dizeli, yakatua juu ya matangi. Matangi ni ya chuma cheusi, na chuma hicho huliwa na kutu kuanzia juu, mahali usipopaona. Kwa hiyo sitaha na tangi ni ugonjwa mmoja. Kubadilisha matangi kunaweza kudai sakafu ikatwe, pengine injini yenyewe ing'olewe, na bili ya kazi hiyo huko kwenu inafika makumi ya maelfu ya dola. Bei ya 115,000 ni nzuri au mbaya kutegemea hilo moja.

Dalali analipwa boti ikiuzwa, kwa hiyo neno lake liweke pembeni. Tafuta mwenyewe mkaguzi wa vyombo mwenye uanachama wa SAMS au NAMS, vyama vya wakaguzi wa vyombo huko Marekani, na fundi mwingine wa injini peke yake. Boti ipandishwe chelezoni. Mkaguzi aigonge sitaha yote kwa nyundo ya plastiki: palipo pazima hulia kwa ukali, palipooza hutoa mlio mfu. Aulize pia kama faiba iliyo chini ya maji ni tupu au ina kiini ndani. Matangi yafunguliwe, au kamera iingizwe juu yake. Muuzaji akikataa, hesabu kwamba matangi yameoza na umpunguzie bei kwa kiasi hicho. Bima nayo itadai ripoti hii, hivyo hulipi mara mbili.

Kuhusu mke wako, msijaribu boti kwenye maji yaliyotulia ya Ghuba ya Chesapeake mkaridhika. Chombo chenye tumbo la mviringo huenda mrama polepole lakini kwa kina, na hilo ndilo linalochafua moyo. Nendeni wote wawili mpite rasi ya Cape Henry, mdomoni mwa ghuba, mtoke nje siku yenye upepo wa wastani, mliweke wimbi ubavuni kwa saa nzima. Kuna mapezi ya haidroliki ya kutuliza mrama, ni ghali. Kuna pia "samaki" wa chuma wanaoning'inizwa majini kwenye boriti mbili ubavuni, kifaa cha wavuvi, rahisi zaidi. Hupunguza mwendo nusu noti au zaidi, lakini mama atalala. Mimi ningeweka kimojawapo cha vifaa hivi kwenye bajeti kabla ya televisheni, kabla ya rangi, kabla ya chochote.

Kuelekea Bahama, mkondo wa Gulf Stream unakwenda kaskazini. Upepo wa kaskazini ukikutana nao, bahari husimama kama ukuta. Subirini upepo wa kusini hata kama ni wiki nzima. Na kuanzia Juni hadi Novemba ni msimu wa vimbunga. Jueni mapema mtajificha wapi.

Tanga? Mafuta yanaruhusu. Toka Norfolk hadi Bermuda ni maili 650 hivi, na Bermuda hadi visiwa vya Azores, njiani kuelekea Mediterania, kama 1,800. Ukishusha mwendo hadi noti 6, dizeli itatosha na kubaki. Ila kutoka Mediterania njia fupi hupita Bahari ya Shamu, nayo nisingekushauri, kwa mashambulizi ya vyombo yaliyoanza mwishoni mwa 2023. Na kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema ni kupanda dhidi ya mkondo wa Agulhas, kazi ya watu walioizoea boti yao kwa miaka. Anza na Bahama.

Majibu ya maabara na ripoti ya matangi yakitoka, nitumie kabla hujaweka saini. Nitayasoma yote.