Jibu: Kentucky walipata wapi timu nzima mwaka 2024?

Ndugu, umeuliza iliwezekanaje Kentucky, timu ya mpira wa kikapu ya chuo kikuu huko Marekani, ibaki bila wachezaji halafu msimu uliofuata iwe na timu kamili. Jibu ni uhamisho wa wachezaji kutoka vyuo vingine.

Aprili 2024 kocha John Calipari aliondoka kwenda chuo cha Arkansas, na wachezaji wakatawanyika. D.J. Wagner, Adou Thiero na Zvonimir Ivišić walimfuata, Aaron Bradshaw akaenda Ohio State, Reed Sheppard na Rob Dillingham wakaingia NBA, ligi ya kulipwa. Kati ya waliokuwa na ufadhili wa masomo, hakurudi hata mmoja!

Kocha mpya Mark Pope, aliyetoka chuo cha BYU, akaanza upya. Akamchukua Lamont Butler wa San Diego State, yule aliyefunga kikapu cha sekunde ya mwisho kwenye nusu fainali ya mashindano ya vyuo ya taifa ya 2023. Koby Brea akatoka Dayton, Otega Oweh akatoka Oklahoma, Amari Williams akatoka Drexel. Novemba hiyohiyo waliifunga Duke 77-72, na Machi 2025 wakafika timu 16 bora za mashindano hayo ya taifa. Mimi naiona hiyo ni kazi kubwa mno kwa watu waliokutana kiangazi.

Zamani, mchezaji aliyehama chuo alikaa mwaka mzima bila kucheza. Tangu 2021 anaruhusiwa kuhama mara moja bila kusubiri, na tangu 2024 hata zaidi ya mara moja, mradi masomo yake yako sawa. Lakini mlango uko wazi pande zote: Travis Perry, kijana wa jimbo la Kentucky hasa, alicheza msimu mmoja tu akahamia Ole Miss, yaani Chuo Kikuu cha Mississippi. Hilo liliniuma kweli.